Moto Unapotelea Wapi

Fundi umeme wa magari halitumii sana neno umeme. Yeye husema moto. "Hapa moto upo." "Hapa moto haufiki." "Moto unafika, lakini mdogo." Ukikaa kutwa nzima kwenye gereji bubu ya Ilala, Dar es Salaam, chini ya mwarobaini, ukasikiliza tu, utaona kwamba kazi yote imo ndani ya kauli hizo tatu. Ya kwanza haimsumbui mtu. Ya pili humalizwa kwa nusu saa na taa ya kupimia. Ya tatu, ya moto unaofika ukiwa mdogo, ndiyo inayomtenga fundi na mtu mwenye bisibisi.

Nimekaa hapo mara nyingi nikimtazama mzee mmoja ambaye kazi yake kubwa ni muziki wa magari: redio, amplifaya, sabufa, spika za juu ya keria. Hana kompyuta. Ana mita ambayo maandishi ya kwenye kitufe chake yamefutika, ana waya mwembamba wa mita saba aliouzungushia kwenye kipande cha ubao, ana chuma cha kulehemu, msasa, na kisu kifupi. Kwa vitu hivyo nimemwona akifanya jambo ambalo kwangu ni la heshima kuliko mbwembwe zote za maduka ya muziki: anaufuata moto hatua kwa hatua mpaka aone mahali unapopotelea.

Siku moja aliletewa Noah ya matangazo. Mwenyewe ni kijana anayezunguka mitaani kutangaza mechi, minada na mikutano, kwa hiyo sauti ya gari lile ndiyo ugali wake. Besi ikigonga, taa za dashibodi zinafifia. Akiongeza sauti, amplifaya inawasha kitaa chekundu na kunyamaza katikati ya tangazo. Alikuwa ameshapita kwa mafundi wengine. Betri alishabadilisha. Amplifaya alishabadilisha. Sasa ameambiwa anunue kapasita, na ikishindikana, alteneta.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Zima gari kwanza, tuongee."

Wakaongea kweli. Lilianza lini? Linazidi ukiwa kwenye mwendo au ukiwa umesimama? Zinazofifia ni taa za dashibodi peke yake, au na za mbele? Ulipobadilisha betri kulikuwa na nafuu yoyote, hata ya siku moja? Kijana alijibu huku akitazama saa. Mzee hakuonyesha haraka. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, na kwa mzee huyu kupima nako ni kuuliza: kwanza unamuuliza mwenye gari, kisha unaliuliza gari lenyewe.

Gari likiwa limezimwa, betri ilisoma volti 12.6. Hiyo ni betri iliyojaa. Ingesoma 12.2 ingekuwa nusu, na chini ya 12 ni karibu tupu. Akawasha injini: 14.1. Alteneta nzima ya gari la kawaida huchaji kati ya volti 13.8 na 14.4, kwa hiyo nayo ilikuwa imejibu vizuri. Ndani ya dakika mbili, vitu viwili vilivyokuwa vimeshtakiwa vikawa vimeachiwa huru.

Mwanafunzi wake, kijana wa miaka kama kumi na minane, akaenda nyuma na mita, akapima kwenye kichwa cha amplifaya. "Fundi, huku pia ni 14.1. Moto upo."

"Upo, lakini umelala," mzee akasema. "Tuuamshe."

Wengi hukosea hapo. Waya usiopitisha kitu hauonyeshi ubovu wake. Waya wa nyuzi mia, nyuzi zikikatika zote ukabaki uzi mmoja, bado mita itasoma volti 14.1 mwisho wake, kwa sababu hakuna mzigo. Ni kama bomba lililojaa kutu: koki ikifungwa, maji yamejaa na presha ipo, koki ikifunguliwa, yanachuruzika. Ubovu wa njia hujulikana wakati wa kupita, wala hauonekani wakati wa kusubiri.

Kwa hiyo mzee akatoa simu yake. Humo amehifadhi mlio mmoja wa hezi 50, mzito, usiopanda wala kushuka. Hapimi kwa wimbo, kwa sababu wimbo unarukaruka na mita haiwezi kuukimbiza. Mlio ule anaupiga kwa sekunde chache tu, sauti ya wastani, kisha anakata ili asiichome sabufa. Akavisha waya wa moto mita ya koleo, ile inayosoma mkondo bila kukata waya: ampea 40. Kwenye betri mita ikasoma volti 13.5. Kwenye amplifaya ikasoma 10.9.

Volti 2.6 zilikuwa zimepotea njiani, na sauti bado haijafika hata nusu. Ukiiongeza mpaka juu, amplifaya inashuka chini ya kiwango chake, inajikinga, inanyamaza. Haikuwa mbovu. Ilikuwa na njaa.

Kilichofuata ndicho kilichonifanya niandike makala hii. Wengi wetu tukishika mita tunapima kutoka chanya kwenda hasi. Mzee alipima kutoka chanya kwenda chanya. Alikunjua ule waya wa kwenye ubao, akafunga ncha moja kwenye chanya ya betri, akaupitisha nje ya gari mpaka nyuma, akaunganisha na mguu mmoja wa mita. Mguu wa pili akaugusisha kwenye chanya ya amplifaya. Wembamba wa waya ule hauna neno, kwa kuwa mita yenyewe hainywi moto wa kuhesabika. Kama njia kuu ni nzima, mita isome karibu na sifuri. Kinachosomeka hapo ndicho kilichomezwa njiani.

Mlio ukapigwa: volti 0.9.

Akahamisha waya: hasi ya betri kwenda hasi ya amplifaya. Mlio: volti 1.7.

Akamgeukia mwanafunzi. "Jumlisha."

"Mbili nukta sita."

"Na tulipoteza ngapi?"

"Mbili nukta sita."

Hesabu ilifunga, na hapakuwa na senti iliyobaki nje ya daftari. Kanuni iliyo chini yake aliichapisha Georg Simon Ohm, mwalimu Mjerumani, katika kitabu kilichotoka Berlin mwaka 1827: volti zinazopotea ni mkondo mara ukinzani. Kwa ampea 40, ukinzani wa sehemu moja tu ya mia ya omu unameza volti 0.4. Kiasi kidogo namna hiyo, mita ya kawaida ikiwekwa kwenye kipimo cha omu haikisomi kwa uhakika. Ndiyo maana mzee hapimi ukinzani wa waya mnene. Anaupa waya kazi, kisha anasoma hasara yake.

Ya 1.7 ilikuwa kubwa zaidi, akaanza nayo. Akaigawa. Kutoka hasi ya amplifaya mpaka kwenye bati la bodi, pembeni kidogo ya bolti ilipofungwa: volti 1.5. Kutoka bodi mpaka hasi ya betri: 0.2. Katika mita zote tano za gari lile, karibu hasara yote ya upande wa hasi ilikuwa imejificha mahali padogo kuliko ukucha.

Akalala chali, akafungua bolti. Ilikuwa bolti ya kiti. Aliyefunga waya wa bodi aliona chuma kikubwa, akaamini. Lakini chini ya kile kichwa cha waya palikuwa na rangi, ile rangi ya kiwandani, laini, safi, inayong'aa. Rangi ni kizuizi cha moto. Mkondo wote wa ampea 40 ulikuwa ukipenya kwenye mikwaruzo michache tu ya nyuzi za bolti. Volti 1.5 mara ampea 40 ni wati 60, joto la chuma cha kulehemu, likiwaka usiku na mchana wa matangazo chini ya zulia.

Mzee hakuirudisha bolti ile. Akachagua sehemu nyingine ya bati nene, akatoboa, kisha akaanza kukwangua. Kwanza kwa kisu, rangi ikitoka kama magamba ya samaki. Kisha kwa msasa, duara dogo, mpaka bati likabadilika kutoka kijivu likawa jeupe la kumeta. Akapangusa vumbi kwa kidole gumba, akatazama, akasugua tena upande mmoja ambao mimi niliuona umeshatakata. Kichwa kipya cha waya akakibana kwa koleo, akakilehemu, akakifunga kwa washa yenye meno, yale meno yanayong'ata bati na kushika. Akakaza mpaka waya usiweze hata kuzungushwa kwa mkono. Mwisho akapaka grisi juu yake, kwa sababu bati tupu la mji wa pwani halikawii kushika kutu, na kutu nayo ni rangi nyingine tu inayozuia moto.

Mlio ukapigwa. Kati ya amplifaya na bodi, volti 1.5 zikawa 0.1.

Zilibaki zile 0.9 za upande wa chanya. Akafuata njia ileile: kabla ya fyuzi na baada ya fyuzi, volti 0.4. Akaigusa nyumba ya fyuzi kwa kidole. Ilikuwa ya moto, na plastiki yake imeanza kulegea upande mmoja. Akaibadilisha, akaweka mpya karibu na betri, ndani ya sentimita 45, kama inavyopasa. Fyuzi hiyo hailindi amplifaya. Inalinda waya. Waya wa moto ukichubuka mahali popote kati ya betri na fyuzi, hakuna kitu cha kukata moto, na gari linaweza kuungua. Kadiri fyuzi inavyosogea karibu na betri, ndivyo urefu usio na ulinzi unavyopungua.

Zile 0.5 zilizosalia zilikuwa za waya wenyewe. Akaukwangua kwa ncha ya kisu: juu rangi ya shaba, ndani weupe. Aluminiamu iliyopakwa shaba. Upitishaji wa aluminiamu ni kama asilimia 61 ya ule wa shaba, kwa hiyo waya wa namna hiyo, unene ukiwa uleule, humeza moto mwingi kuliko wa shaba tupu. Mzee hakumlazimisha kijana anunue mpya siku hiyo. Alimwambia ukweli na kumpa hesabu: shaba tupu ya milimita 16 za mraba, kwa mita zile tano, ingepoteza kama volti 0.2 tu kwa mzigo uleule. "Ukipata hela, njoo. Kwa sasa utafanya kazi."

Mara ya mwisho mlio ulipopigwa, betri ilisoma 13.4 na amplifaya 12.6. Taa za dashibodi zilitulia. Betri mpya, amplifaya mpya, kapasita na alteneta: vyote vinne, kwa kosa lililohitaji msasa na nyumba ya fyuzi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wenyewe ulikuwa chini ya bolti.

Kuhusu kapasita, mzee hana chuki nayo. Anaieleza kwa upole: ni ndoo, si kisima. Inahifadhi moto kidogo na kuutoa haraka besi inapogonga, lakini haizalishi chochote, na ikijazwa kupitia njia mbovu itajaa kwa njia mbovu ileile. Vivyo hivyo kwa wati zilizoandikwa kwenye boksi. Amplifaya ya kijana ilikuwa imeandikwa wati 2000. Mzee akamwonyesha fyuzi zake mbili za ampea 30. Ampea 60 mara volti 13.8 ni wati 828 zinazoweza kuingia kwa muda mrefu, na hakuna mashine inayotoa zaidi ya inachokula. Ukitaka kujua nguvu ya kweli ya amplifaya, soma fyuzi.

Kuna ubovu wa aina nyingine ambao hauondoi moto bali unauchafua. Injini ikiwaka, spika zinapiga mluzi mwembamba unaopanda kadiri unavyokanyaga mafuta. Tatizo hili lina umri sawa na muziki wa magari wenyewe. Mwaka 1930, huko Chicago, Paul Galvin na wenzake walipotoa redio ya gari waliyoiita Motorola, sehemu ngumu ya kazi ilikuwa kunyamazisha kelele za mitambo ya gari. Mzee wa Ilala anapambana na adui yuleyule, na hutamsikia akisema "nunua kichujio." Anatenga. Anachomoa nyaya za mawimbi kwenye amplifaya. Mluzi ukibaki, chanzo kiko kwenye amplifaya au moto wake. Ukipotea, uliingia kwa nyaya zile: labda zimepita sambamba na waya wa moto, labda redio na amplifaya zimefungwa bodi mahali pawili penye volti tofauti, na tofauti hiyo ikapata njia ndani ya nyaya za muziki. Kisha anageuza mita kwenye kipimo cha mkondo geu, anapima betri injini ikiwaka. Alteneta huzalisha mkondo geu, na diodi zake huunyoosha. Mita ikionyesha hata nusu volti ya mkondo geu pale, anaanza kuzitilia shaka diodi.

Na kuna ule wa tatu, unaosingiziwa betri kila siku: gari linalala zima, asubuhi haliwaki. Anaweka mita kwenye njia ya hasi, anasukuma kitasa cha mlango kwa bisibisi ili gari lidhani mlango umefungwa, anangoja. Magari ya sasa huchukua hata nusu saa vifaa vyake vyote vilale. Asiyengoja husoma uongo. Miliampea 50 au chini yake ni kawaida. Zikizidi, hachomoi fyuzi moja moja na kuviamsha vilivyolala. Anagusa zile nukta mbili za chuma juu ya kila fyuzi na kutafuta ile yenye milivolti kidogo, maana panaposomeka kitu, panapita kitu. Mara nyingi huishia kwenye waya wa samawati wa kuiwasha amplifaya, uliounganishwa na moto wa kudumu badala ya moto wa redio. Amplifaya inakesha. Ikinywa ampea moja tu, kwa saa 24 imekula ampea-saa 24, na betri ndogo ya 45 haimalizi siku ya pili.

Makosa ya namna hiyo ni mengi kwetu kwa sababu ya magari yenyewe. Mengi yametoka Japani, na redio zao za asili zilitengenezwa kwa masafa ya FM yanayoanzia megahezi 76, wakati stesheni zetu ziko kati ya 87.5 na 108. Wengi huzing'oa na kufunga nyingine. Anayefunga redio hukutana na lugha mbili za rangi. Redio ya dukani hutumia njano kwa moto wa kudumu, nyekundu kwa moto wa swichi, nyeusi kwa bodi. Kwenye Toyota nyingi, moto wa kudumu ni samawati yenye mstari wa njano, wa swichi ni kijivu, na bodi ni kahawia. Mzee anazijua rangi zote kichwani kama mtu anavyojua majina ya wajukuu, na bado kila waya anaupima kabla ya kuuunga. Nilimuuliza kwa nini apime anachokijua. Akasema: "Najua alivyofunga Mjapani. Sijui aliyekuja baada yake."

Hapo ndipo ninapouona utu wa ufundi huu. Kukisia hakumuumizi anayekisia. Kunamuumiza mwenye gari, anayelipia betri, kisha amplifaya, kisha alteneta, kila kosa la fundi likiwa risiti mfukoni mwake. Mzee amekataa kufanya majaribio kwa fedha za mwenzake. Sheria anayomfundisha mwanafunzi wake ni moja: usibadilishe kitu ambacho hujakiuliza. Kijana yule ameishika. Nilimwona jioni ile akikunja waya wa mita saba kwenye ubao wake, taratibu, duru kwa duru, usije ukajifunga fundo.

Kwa hiyo, msomaji, siku muziki wa gari lako ukizimika, tafuta fundi anayeanza kwa maswali na mita, atakayekuonyesha namba kabla na namba baada. Akikuomba saa moja ya kupima, mpe. Na akikwambia hakuna cha kununua, mlipe vizuri kwa saa hiyo, kwa sababu ndiyo ufundi wenyewe.